Makabuti Yaliyopasuliwa Mgongo

Mume wangu alikuwa karani wa forodha katika stesheni ya Kitale, baba yake alikuwa na duka Kamukuywa, na hao wawili waligombana kwa sababu ya makabuti. Watu wa Bungoma wanaoijua familia ile husema waligombana kwa sababu yangu. Si kweli. Mimi nilikuwa chukizo la zamani tu. Makabuti ndiyo yaliyoleta vita.

Ilikuwa miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili. Bidhaa za ng'ambo zilipanda reli kutoka Mombasa zikiwa zimepigwa lakiri, na nyingine zilifunguliwa hapo Kitale, katika godauni la mabati pembeni mwa stesheni. Msimamizi wa forodha humo alikuwa Mzungu mmoja mrefu, shingo nyekundu, ambaye sikumwona akicheka ila kwa ubaya. Kazi ya mume wangu ilikuwa kukata kamba za marobota, kutoa vilivyomo kimoja kimoja na kusema kwa sauti ni nini. Mzungu alikitazama, akakipa jina la serikali, na jina hilo ndilo lililotozwa ushuru.

Jioni tukila, mume wangu alinieleza majina hayo. Mimi ni fundi wa nguo, nilidhani nazijua nguo. Kumbe forodhani nguo haina jina la nyumbani. Shuka iliyopindwa ukingo ni vazi, isiyopindwa ni kitambaa. Blanketi likikatwa tundu la kupitisha kichwa si blanketi tena. Koti ambalo upande wake wa kushoto unalala juu ya ule wa kulia ni la kiume, na ukilala wa kulia juu ni la kike, hata kama atakayelivaa ni mchunga ng'ombe mwenye ndevu. Nguo iliyokwisha kuvaliwa ni kitu kimoja, na dada yake ambaye hajavaliwa ni kitu kingine kabisa.

"Na nani anajua kama ilivaliwa?" nilimuuliza.

"Bwana anajua."

"Anajuaje?"

"Anainusa."

Yeye alicheka kidogo. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua jambo jingine ambalo hakunieleza yeye, nililielezwa na mke wa mpanga mizigo. Kila jioni kabla ya kutoka, Mzungu yule alimvua mume wangu shati mlangoni, akabaki na fulana, akageuzwa huku na huku mbele ya wapagazi, ionekane kwamba hakuvaa nguo ya forodha chini ya nguo yake. Mtu aliyesoma, mzee wa vijana kanisani, aligeuzwa kama ndama mnadani. Kwa hiyo nilimchukia Mzungu yule kabla sijasimama mbele yake.

Baba mkwe nilimchukia kwa sababu nyingine. Wazazi wangu walitoka Kenya ya kati wakafuata kazi katika mashamba ya walowezi huku Trans-Nzoia, nami nikazaliwa katikati ya mahindi ya mtu mwingine. Baba mkwe aliposikia habari zangu mara ya kwanza alisema, "Wa kuja hana kwao. Mtoto wake atazikwa wapi?" Harusi yetu hakuja. Alimtuma mzee wa kanisa aseme ana homa, na siku ile ile watu walimwona sokoni akipima chumvi.

Kwa watu wa mume wangu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mkono, hawaketi karibu, wala hawatazamani usoni. Ni heshima, na wake wengine wa boma lile heshima hiyo iliwafunika vizuri kama shuka. Mimi niliona wazi kwamba nilipewa ganda lake tu. Mtu anaweza kukupa kisogo kwa adabu, na anaweza kukupa kisogo kwa sababu hataki kukuona, na mwenye kupewa anajua tofauti.

Baba mkwe alichoka kununua bidhaa kwa wenye maduka makubwa ya Kitale, waliomuuzia kwa bei waliyotaka wao. Akaandika ng'ambo mwenyewe, akaagiza makabuti makuukuu ya askari. Vita vimekwisha, alisema, huko Ulaya yamerundikana kama magunzi. Huku kwetu baridi ya Mlima Elgon haijasikia kwamba vita vimekwisha. Lilikuwa wazo zuri, na nasema hivyo nikiwa sina sababu ya kumsifu.

Marobota yalipofika alikuja kwa lori akiwa amevaa koti lake la kanisani. Siku ile mume wangu hakuruhusiwa kutoka kula, nikampelekea chakula, na kikapu changu cha ushonaji nikiwa nacho mkononi kwa kuwa nilitoka moja kwa moja kwenye veranda ya duka nilikoweka cherehani yangu. Nikasimama mlangoni. Ndani, baba mkwe alikuwa kando ya ukuta, kofia mkononi. Robota la kwanza lilikuwa limekwisha kufunguliwa.

"Hii nini?" Mzungu aliuliza.

"Kabuti la askari, bwana. Kuukuu," mume wangu akajibu, kama karatasi ya mzigo ilivyosema.

Mzungu akalichukua. Hakulinusa. Alitia kidole kwenye mfuko, kidole kikakwama. Mdomo wa mfuko ulikuwa bado umefungwa kwa uzi wa fundi, ule tunaoshika nao mfuko usipanuke kabla ya kuuza. Akachukua la pili, nalo hivyo hivyo. La tatu lilikuwa limechakaa viwiko, akalitupa pembeni bila kulitazama.

"Mfuko nafungwa," alisema. "Askari gani hapana tia mkono mfukoni? Wewe karani. Sema. Hii kabuti mtu nakwisha vaa, ao hapana?"

Mume wangu alilishika lile kabuti. Nilimwona akipapasa bitana kwa kidole gumba, kama mtu anayetafuta hata doa moja la kumwokoa. Pale ukutani baba yake hakusogea.

"Halijavaliwa, bwana."

Baba mkwe alisema neno kwa lugha yao, kwa sauti ndogo. Kisha akalirudia kwa Kiswahili, wapagazi wasikie.

"Nimezaa, nikasomesha, na leo mwanangu amenivua nguo mbele ya watu."

"Baba, mfuko umeshonwa. Kila mtu anaona."

"Sikukuuliza habari ya mfuko."

Lazima niseme kwamba mzee hakuwa mwongo. Aliagiza makuukuu. Aliyemuuzia huko ng'ambo ndiye aliyechanganya, labda kwa haraka, labda kwa kuwa kwake yote yalikuwa taka ya vita. Lakini Mzungu hakutaka kusikia hayo. Kwake mzee alikuwa mwizi aliyekamatwa. Akamwamuru mume wangu atafsiri, ingawa mzee alielewa kila neno. Alipe ushuru wa nguo mpya kwa marobota yote, hata yale yaliyochakaa. Asipoweza, aiachie serikali iyapige mnada. Au ayapasue hapo hapo, yawe matambara, kwa maana matambara si nguo.

Hilo la mwisho alilisema akicheka, kama mtu anavyomwambia mtoto aende akaguse moto.

"Muulize yapasuliwe vipi," mzee alisema.

"Baba, tunaweza kuomba..."

"Muulize."

Mzungu aliacha kucheka. Alichora mstari hewani kwa kidole chake. Toka kola mpaka chini, katikati ya mgongo, moja moja, na karani ayanyanyue ili yeye aone mwanga kupitia.

Baba mkwe akageuka. Hakunitazama, alitazama mwimo wa mlango niliouegemea.

"Mkasi," aliuambia mwimo.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu niolewe. Nilitoa mkasi wangu mkubwa, ambao baba yangu aliuza mbuzi ili niupate, nikauweka chini juu ya gunia, maana mkononi singeweza kumpa. Akainama akauokota.

Sufu ile ya askari ilikuwa nene kama ngozi. Mume wangu alishika mabega ya kabuti, baba yake akakata katikati, na kwa mbali ungedhani ni baba na mwana wanaosaidiana kazi. Kabuti likigawanyika, mume wangu alilinyanyua, Mzungu akaitikia kwa kichwa, na jingine likatolewa. Mzee aliota malengelenge, yakapasuka, akaendelea. Mimi chakula kilinipolea mikononi. Nilitaka kuondoka lakini niliogopa kuacha mkasi wangu, nao nilikuwa nikiusikia unavyolia kwa kuumia.

Jua lilikuwa limeegemea upande wa mlima walipomaliza. Mzungu akatia mhuri. Matambara. Mzee akautupa mkasi kwenye gunia, makali yamepinda na kumong'onyoka, akatazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Usikanyage kwangu. Nyumba yangu haina mlango wa karani."

Baada ya siku ile mume wangu alipungua. Kazini alienda, alirudi, alikula alichopewa, lakini alikuwa kama nyumba ambayo watu wamehama. Nilimwambia alisema kweli. Akaniambia kweli ingeweza kusemwa na mtu mwingine.

Ndipo mama mkwe alipokuja, mvua za masika zikianza, amejitwika furushi lililomzidi. Huyu hakuwa adui yangu. Hakuwa rafiki pia. Aliishi na mwanamume yule miaka mingi mno kumudu urafiki. Alishusha furushi, akaomba maji, akanywa, kisha akalifungua. Nusu za makabuti.

"Mafundi wa Bungoma wamejaribu," alisema. "Sindano zinavunjika. Wanasema ni kama kushona ng'ombe. Wewe una ile mashini ya nguvu."

"Mzee ndiye amekutuma?"

"Si nimekuja?"

"Mama, nimeuliza ni nani amekutuma."

Akatazama kikombe. "Hajui kuomba, yule."

"Basi aje ajifunze. Mwambie sitashona hata moja mpaka aniambie mwenyewe."

"Mwanangu, mkwe hasemi na mkwe. Unajua."

"Alisema na mwimo wa mlango. Mwambie nina ukuta."

Sikutegemea angekuja. Alikuja siku ya soko, adhuhuri, akasimama nje chini ya upenu wa nyumba yetu ya udongo, mgongo kwangu, mimi ndani. Kati yetu ukuta. Niliona bega lake tu dirishani.

"Ni kazi," alisema. "Utalipwa kama fundi mwingine."

"Mume wangu ataingia lini kwako?"

"Nimekuja kwa habari ya nguo."

"Na mimi nashona kwa habari ya mume wangu."

Watu walipita njiani wakamsalimu, akawajibu vizuri sana, kwa sauti ya kanisani. Walipokwisha kupita akasema, "Mwanamke wa kuja, sikiliza. Siwezi kumuuza mwanangu kwa uzi, wala siwezi kumnunua. Alichofanya amefanya. Ukishona, shona. Usiposhona, nitayachoma."

Akaenda. Furushi likabaki, na siku ya pili lori likashusha mengine.

Nilishona. Wengine waliniuliza baadaye kwa nini, nami nilitoa majibu mbalimbali. Jibu lenyewe ni kwamba sikuweza kukaa chumba kimoja na nguo nzuri iliyochanwa. Nilinoa mkasi, nikanunua sindano za kushonea turubai, nikaunganisha nusu kwa nusu, na juu ya mshono nikapitisha ukanda mwembamba wa kaniki ili upepo usiingie. Kila kabuti likawa na mstari mweusi kutoka shingoni hadi chini. Mume wangu alinikuta nikishona. Alisimama, akashika moja, akalirudisha.

Kamukuywa nilikwenda nayo mwenyewe, nyuma ya lori, nikaketi mbali na kibanda cha mzee pale sokoni kama ilivyonipasa. Asubuhi watu walikuja wengi. Kulikuwa na ukungu, na kabuti la askari ni kabuti la askari. Wazee walijipima, wakajifunga mikanda, wakatembea kidogo wakijitazama.

Kisha akaja mtu mmoja aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Burma, mpenda maneno. Aligeuza kabuti akaona mstari wa mgongoni.

"Hii naijua," alisema. "Maiti ikikauka mikono haikunjiki. Sasa wanafanyaje? Wanapasua nguo nyuma, wanaivua kama ganda la ndizi. Hizi ni za waliokufa, bana. Kafa Ulaya."

Sidhani alitaka kudhuru. Alitaka kusikilizwa. Lakini aliyekuwa amevaa alivua, na aliyekuwa ametoa pesa alizirudisha mfukoni. Mama mmoja alimfuta mumewe mabega kwa majani. Kabla ya saa sita hapakuwa na mtu mbele ya kibanda.

Baba mkwe hakubishana nao. Alikusanya makabuti, akapita karibu nami kuliko mila inavyoruhusu, akasema akitazama mbele, "Ulishindwa kuutafuta uzi wa rangi yake?"

"Aliyepasua si mimi," nilisema.

Wanawake walionisikia walishika vinywa. Mke hamjibu baba mkwe, tena sokoni. Yeye alisimama kidogo kama aliyejikwaa, kisha akaendelea. Sijajuta.

Aliyeyanunua mwishoni alikuwa mlowezi mmoja wa upande wa Cherangani, aliyetaka kuwavisha walinzi na wachungaji wake. Habari za maiti za Ulaya hazikumhusu, na wachungaji hakuwauliza. Aliyachukua yote. Mzee akapumua, na mambo yangeweza kuishia hapo.

Lakini mlowezi yule alikuwa na mgeni, na mgeni huyo alikuwa Mzungu wa forodha. Akamwona mlinzi langoni, kabuti limemkaa sawasawa, mstari mweusi mgongoni. Siku iliyofuata alikuja kwenye veranda yangu na askari mmoja. Alinitupia kabuti juu ya cherehani.

"Nani nashona hii?"

"Mimi."

"Hii nilikwisha andika matambara."

"Ndiyo."

"Sasa hapana matambara."

"Sasa ni kabuti," nilisema.

Nilidhani atanipiga. Badala yake alitabasamu, akaniambia baba mkwe wangu atafungwa. Alitangaza matambara akauza nguo, huo ni wizi wa ushuru, na shahidi yupo, karani mwenyewe aliyenyanyua kila kabuti likipasuliwa. Mume wangu ataeleza mbele ya hakimu kwamba mzee alisema tangu mwanzo kuwa atayashona tena.

Mzee hakusema hivyo kamwe. Nilikuwepo.

Mume wangu aliitwa siku ile ile. Kilichotokea nilikisikia kwa wapagazi, naye baadaye hakukikana. Mzungu aliandika maneno kwenye karatasi, akamwambia atie sahihi. Mume wangu aliyasoma, akaiweka kalamu mezani. Mzungu akamuuliza kama maneno ni ya uongo. Hakujibu. Akamuuliza kama ni ya kweli. Hakujibu. Alimpigia kelele, akamwita mtoto wa mwizi, akamwambia avue shati kwa mara ya mwisho. Mume wangu alivua shati, akaliacha juu ya meza, akapita katikati ya stesheni na fulana yake mpaka nyumbani. Nilimwona akija. Watu walimpisha njia.

Kesi ilikosa miguu, haikufika popote. Kazi ya serikali hakuipata tena, wala barua ya kumwezesha kupata nyingine. Wenye duka walinitaka niondoe cherehani yangu verandani, kwa kuwa wao nao walikuwa na mizigo godauni.

Tulikwenda Kamukuywa na vyombo vyetu kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Baba mkwe alimpokea mwanawe dukani, si nyumbani. Mimi nilibaki nje nyuma ya mkokoteni, lakini mlango ulikuwa wazi.

"Nimesikia umefukuzwa."

"Ndiyo, Baba."

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

Mzee alifunga fundo kwenye mfuko wa chumvi, akalifungua, akalifunga upya.

"Safari hii," alisema.

Sijui kama alikusudia kumshukuru au kumchoma. Nafikiri hata yeye hakujua. Kisha akataja kipande cha shamba Bokoli, cha upande wa mama yake mwenyewe, chenye mawe. Kama mtu anataka kulima mawe, alisema, hatazuiwa.

Tulilima mawe. Miaka ya kwanza tulikula vya majirani zaidi kuliko vya shambani, kisha mahindi yakakubali. Nilishona sare za shule na mavazi ya kwaya, na watoto wetu wakazaliwa pale. Mume wangu alirudi kuwa mtu wa kuongea, polepole, na zaidi akiwa shambani. Nyumbani kwa baba yake aliingia tena pale mama mkwe alipougua, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumbeba.

Mzee alipita Bokoli mara kwa mara akienda kwenye mambo yake ya kanisa. Alisimama nje ya ua akaita jina la mwanawe. Mwanawe akiwepo, waliongea hapo hapo, ua katikati yao, habari za mvua na ng'ombe. Asipokuwepo, mzee alisubiri kidogo, akitazama paa la nyumba, na hakuacha ujumbe, kwa maana angeniachia mimi. Nilimwona kutoka nilipokuwa nimeketi kwenye cherehani. Yeye alijua namwona. Niliendelea kukanyaga cherehani, naye aliporidhika kwamba hakuna wa kumjibu, alishika fimbo yake akaenda.